Nimenunua gari lililotumika, nataka livute na lipige muziki vizuri: nianze wapi?

Swali: Nimenunua sedani iliyotumika, injini ya petroli lita 1.8 isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), gia za otomatiki, imetembea kilomita 140,000. Inapanda mlima kwa kusuasua. Muziki wake mwembamba, nikiongeza sauti spika zinakwaruza. Nimeshauriwa nifunge sabufa (spika ya besi) ya inchi 12 iliyoandikwa wati 1,500, niweke filta ya hewa ya wazi, na niondoe katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) ili injini ipumue. Pesa yangu ni ya kufanya kwa awamu, si yote kwa mkupuo. Nianze na kipi?

Jibu: Usinunue wala kufanya lolote kati ya hayo matatu kwa sasa. Gari la umri huo likisuasua mlimani, mara nyingi halihitaji nguvu mpya. Linahitaji kurudishiwa ile lililotoka nayo kiwandani, ambayo imevuja kidogo kidogo kupitia plagi zilizolika, mpira wa hewa uliopasuka, sensa iliyochafuka na breki zinazoshika. Muziki nao ni vivyo hivyo: spika zinakwaruza kwa kuwa redio inasukumwa kupita uwezo wake, na besi inapotea kwa kuwa mlango una matundu. Sabufa haizibi matundu ya mlango, wala filta ya wazi haifufui koili ya cheche inayokufa.

Fuata mpangilio huu: umeme kwanza, maana ndio unaolisha injini na muziki, halafu injini na breki, halafu milango na spika za mbele, halafu amplifaya, sabufa iwe ya mwisho. Hivyo, hata pesa ikikatika njiani, ulichokwisha kufanya kinabaki na faida yake.

Umeme

Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za DC. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri kabla ya kuwasha chochote. Betri iliyojaa husoma 12.6 hivi, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Mtu apige starta huku ukitazama: volti zikishuka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama bado inawasha. Injini ikishaunguruma, alteneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.5. Magari mengine huongoza alteneta kwa kompyuta na kuishusha kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo washa taa kubwa kabla ya kuihukumu.

Kipimo kinachofuata hurukwa na mafundi wengi, nacho ndicho kinachofichua mengi. Washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi, mtu ashikilie injini kwenye mizunguko 2,000. Gusisha ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si klemu iliyoishika, na ncha ya pili kwenye chuma kisicho na rangi cha injini. Ukiona zaidi ya volti 0.2, waya wa ati wa injini (unaounganisha chuma chake na hasi ya betri) umeoza au umelegea. Rudia kutoka nguzo ya hasi hadi bodi ya gari, kisha kutoka nguzo ya chanya hadi boliti ya kutolea umeme kwenye alteneta. Ati mbovu huleta mambo yasiyofanana: taa kufifia, gia kubadilika kwa kushtuka, sensa kusoma uongo, redio kuvuma. Dawa yake ni kufungua, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, na kubadilisha waya uliogeuka kijani ndani. Weka waya wa shaba wa milimita 20 za mraba wenye lagi (vichwa vya chuma vya kufungia waya) zilizobanwa vizuri. Ni kazi ya saa moja, na baadaye itaubeba muziki wako.

Injini

Kabla ya kufungua boliti yoyote, soma kompyuta ya gari. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana soketi ya OBD ya pini 16, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva, na ya masoko mengine ya miaka ya karibuni mengi yanayo pia. Kifaa kidogo cha kuchomeka hapo pamoja na programu ya simu vinatosha.

Usiishie kwenye misimbo ya hitilafu. Fungua ukurasa unaoonyesha jinsi kompyuta inavyorekebisha mafuta kwa asilimia. Ikicheza kati ya −5 na +5, vizuri. Ikikaa juu ya +10, injini inapata hewa isiyopimwa au mafuta hayafiki ya kutosha, na unaweza kuyatenganisha hayo mawili bila kununua kitu. Soma kwanza injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko 2,500. Kama ni +15 ikiwa imetulia halafu inakaribia sifuri ukikanyaga, kuna mpira wa hewa uliopasuka au gasketi ya maniifoldi inavuja. Tundu ni lile lile, ila hewa inapokuwa nyingi mchango wake unakuwa mdogo. Kama asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu ya mafuta, filta ya mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza tu. Usiguse ule uzi mwembamba ndani yake kwa kidole wala pamba, na usitumie dawa ya kabureta.

Toa plagi injini ikiwa baridi na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake, kisha zitazame ncha. Kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi kupita hewa. Weusi unaong'aa kwa oili una maana kwamba oili inapenya kupitia ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye vijipele ni joto kali. Pima nafasi ya ncha kwa geji. Plagi iliyotakiwa kuwa na milimita 1.1 ikikutwa na 1.5, koili inalazimika kurusha cheche mbali zaidi kila mara, na hiyo ndiyo sababu koili hufa moja baada ya nyingine kwenye gari ambalo plagi zake hazikubadilishwa. Za iridiamu huenda kilomita 100,000 hivi. Ncha yake ni nyembamba na hukatika, kwa hiyo usiipanue kwa bisibisi. Wakati wa kufunga plagi mpya yenye washa (ringi ya chuma ya kuziba), izungushe kwa mkono hadi iguse, kisha nusu mzunguko kwa spana. Nguvu ya ziada inaharibu nyuzi za kichwa cha injini, na hapo gharama inabadilika kabisa.

Injini ikimisi (silinda ikikosa kuchoma mafuta) na kompyuta ikaandika P0303, silinda ya tatu ndiyo yenye shida. Hamishia koili yake silinda ya kwanza, futa msimbo, tembeza gari. Ukirudi kama P0301, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0303, koili haina kosa; rudi kwenye plagi, pua ya mafuta, au pima mgandamizo. Silinda zote zinapaswa kulingana, na tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati ya ya juu na ya chini inamaanisha injini ina ugonjwa wa ndani, na pesa ya muziki iende huko kwanza.

Kuna mambo mengine ambayo nitayapita haraka. Filta ya hewa ya karatasi, mpya. Mlango wa hewa wa throto usafishwe utando mweusi. Thamostati iliyokwama wazi huifanya injini isifikie joto lake, nayo huendelea kumwaga mafuta kama vile kumepambazuka baridi. Geji ya joto ikikaa chini baada ya nusu saa ya safari, ibadilishe. Kama injini yako inatumia taimingi belti na hujui ilibadilishwa lini, chukulia haijabadilishwa, kwa sababu kwenye injini nyingi ikikatika pistoni zinagonga valvu. Oili ya gia boksi imwagwe na kujazwa upya kwa ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Gia boksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za gia) haipokei oili ya otomatiki ya kawaida, hata mara moja.

Sehemu nyingine ya kusuasua huko haiko kwenye injini. Endesha dakika 15 bila kukanyaga breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pini za kalipa zimekauka na pedi inasugua diski muda wote. Zisafishwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto. Jaza upepo wa tairi kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango, na si ile iliyoandikwa kwenye tairi, ambayo ni kikomo. Ukiwa hapo, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kama unaishi nyanda za juu, elewa kuwa injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hiyo si hitilafu, na hakuna plagi itakayoirudisha.

Filta ya wazi, katalisti na kompyuta

Filta ya wazi inatoa mlio mzuri, hilo ni kweli. Lakini kikasha cha kiwandani huvuta hewa kutoka mbele ya gari, ilhali ile ya wazi inavuta hewa iliyopashwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 hivi kuliko ya nyuzi 30, na injini hulishwa kwa uzito wa hewa. Kwenye foleni, gari lako litakuwa dhaifu zaidi ya sasa.

Katalisti usiitoe. Katika nchi nyingi ni kosa la kisheria, moshi wake unaumiza walio nyuma yako, na sensa ya pili ya oksijeni itawasha taa ya injini ambayo baadaye itakuficha hitilafu za kweli. Swali la maana ni kama imeziba. Fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalisti na aweke geji ya presha mahali pake. Kwa mizunguko 2,500 haipaswi kuzidi baa 0.2 hivi. Ikizidi sana, katalisti imeyeyuka ndani na hiyo peke yake inatosha kueleza kusuasua mlimani. Weka nyingine, lakini kwanza ponya kilichoiua: karibu kila mara ni injini iliyoachwa ikimisi, ikitupa petroli mbichi kwenye ekzosi, au inayochoma oili.

Kubadili programu ya kompyuta ya injini kunafanya kazi vizuri mno kwenye gari lenye tabo, asilimia 20 hadi 30 si ajabu. Kwenye injini yako ya lita 1.8 isiyo na tabo, tarajia asilimia 5 hadi 10, nyingi ikiwa juu ya mizunguko ambayo mtu wa kawaida haifikii kila siku. Mimi ningeiacha. Petroli ya okteni ya juu nayo haina faida kama injini haikuundwa kuihitaji na haigongi. Pesa hiyo hiyo ukiiweka kwenye shokapu nne na bushi za mbele, gari zima litabadilika tabia, na utaweza kutumia nguvu uliyo nayo kwenye kona bila woga. Badilisha na mafuta ya breki: ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kikomo hicho cha chini hushuka hadi 155, na ni kwenye mteremko mrefu ndiko utakakolijua hilo.

Milango kabla ya spika

Sasa muziki. Spika ikisukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta hewa kiasi kile kile. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka hadi mbele, zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Ukifungua kava la ndani la mlango wako utakuta chuma chenye matundu makubwa yaliyozibwa kwa karatasi ya nailoni tu. Hapo ndipo besi yako ilipo.

Kata waya wa hasi wa betri na usubiri dakika chache, kwa ajili ya mifuko ya hewa ya usalama. Soketi za njano usizichezee. Toa kava, bandua nailoni, safisha chuma kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Bandika mkeka wa butili (raba inayonata) wa milimita 2 wenye foili kwenye bati la nje, kwa ndani, nyuma ya spika na eneo linalozunguka. Theluthi hadi nusu ya bati inatosha. Lengo ni kuua mtetemo, na ukijaza mlango mzima unaongeza uzito tu. Upashe joto kidogo na uukandamize kwa rola hadi michoro ya foili ilale. Gonga bati kabla na baada: mlio wa sufuria tupu unapaswa kugeuka kuwa mlio wa mbao. Kisha ziba matundu ya bati la ndani. Makubwa yawekee kipande cha plastiki ngumu au alumini kwanza, kwa sababu butili peke yake itacheza kama ngozi ya ngoma. Acha wazi matundu ya chini ya mlango yanayotoa maji ya mvua, la sivyo mlango utaoza. Na kama kuna sensa ya mgongano ndani ya mlango, usiifunike. Baadhi hupima mgandamizo wa hewa mle ndani, na kwenye gari la namna hiyo usibadilishe uzibaji wa kiwandani.

Spika za zamani zichunguze. Sukuma koni polepole kwa vidole viwili pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili yake ya ndani inasugua na imekwisha. Angalia na ukingo wa povu kama umechanika. Zikiwa nzima, mkwaruzo unatoka kwenye redio, na hesabu yake ni rahisi. Redio ya gari isiyo na amplifaya ya nje ina volti 14 hivi tu za kuchezea. Ukitoa zinazopotea ndani, wimbi haliwezi kupita takribani volti 13 kileleni, yaani 9.2 za kudumu, na kwenye spika ya omu 4 hiyo ni wati 21. "50 x 4" iliyoandikwa usoni mwa redio ni ya kileleni. Ukiidai zaidi, wimbi linakatwa kichwa, na huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Nunua spika za mbele zenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) tofauti, za ukubwa unaoingia mlangoni mwako, nyingi ni za inchi 6.5. Zifunge kwenye ringi ya mbao iliyopakwa rangi ya kuzuia maji au ya plastiki nzito, na sponji kati ya ringi na bati. Za nyuma ziache zilivyo, hata zikizimwa si hasara. Anayesikiliza amekaa mbele. Angalia njia za umeme kwa betri ndogo ya volti 1.5: chanya ikigusa chanya, koni itoke nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Spika moja iliyogeuzwa inatosha kuifuta besi yote, na watu hununua sabufa kwa kosa hilo.

Amplifaya na nyaya zake

Kwa gari lako ningechukua amplifaya moja ya chaneli nne, aina ya D (class D), wati 75 za kudumu kwa kila chaneli kwenye omu 4. Tafuta neno RMS, ndizo wati za kudumu; namba kubwa ya kwenye boksi iache. Njia ya haraka ya kumkamata mwongo ni fyuzi zake. Amplifaya yenye fyuzi mbili za ampea 20 inavuta 40 kwa volti 13.8, yaani wati 552 zinazoingia. Ufanisi ukiwa asilimia 75, zinazotoka ni kama 414. Ikiwa imeandikwa 1,500, umeshajua.

Chaneli mbili za kwanza zilishe spika za mbele. Mbili za nyuma ziunganishwe pamoja kwa mtindo wa daraja zisukume sabufa moja, kwa kawaida kama wati 200. Zikiwa daraja, karibu amplifaya zote za namna hii hazikubali chini ya omu 4. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ikiunganishwa sambamba inakuwa omu 2, nayo itazima amplifaya au kuichoma. Nunua ya koili moja ya omu 4, au ya koili mbili za omu 2 uziunge mfululizo.

Jumla ni wati 350. Kwa ufanisi wa asilimia 80 unahitaji 437 kutoka kwenye umeme wa gari, sawa na ampea 32 pale kilele kinapofika. Wastani wa muziki ni mdogo kuliko hapo. Alteneta ya ampea 80 hadi 100 inalimudu hilo. Waya wa chanya wa mita 5 wenye milimita 8 za mraba ungepoteza volti 0.35, wa 20 unapoteza 0.14 tu, kwa hiyo weka wa 20. Uwe wa shaba tupu. Nyaya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha kama asilimia 60 ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitokea weupe, urudishe dukani.

Fyuzi ya ampea 60 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka kwenye bati bila fyuzi, betri nzima inamwagika pale na gari linawaka moto. Kwa sababu hiyo kila tundu la chuma unalopitisha waya liwe na raba. Ati ya amplifaya iwe ya unene ule ule, isiyozidi nusu mita, kwenye chuma kinene cha bodi kilichosuguliwa rangi yote. Boliti ya mkanda wa usalama usiitumie. Nyaya za RCA, zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande wa pili wa gari, mbali na ule wa chanya.

Kwa redio mpya, rangi zimezoeleka: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu wa swichi, nyeusi hasi, buluu yenye mstari mweupe inaamsha amplifaya. Spika nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani na redio haipati stesheni za juu, sababu ni kwamba FM ya huko huanzia 76 MHz na kuishia 95, wakati sehemu kubwa ya dunia ni 87.5 hadi 108.

Sabufa

Inchi 10 kwenye boksi lililozibwa la lita 20 hivi, kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji wake, inatosha. Ya inchi 12 inataka boksi kubwa na itakula buti yako. Boksi lenye tundu hulia zaidi, lakini likikosewa vipimo linavuma noti moja tu. Kwenye sedani buti imetengwa na kiti cha nyuma, kwa hiyo elekeza sabufa nyuma ya gari, na kama kiti kina kidirisha nyuma ya egemeo la mkono, kifungue. Bandika mkeka uliobaki kwenye kibao cha namba na kifuniko cha buti, maana ndivyo vitakavyoanza kutetemeka.

Kuweka sawa

Spika za mbele zikatwe chini ya 80 Hz, sabufa juu ya 80 Hz. Zima ikwalaiza na vibonyezo vyote vya besi. Geini si kitasa cha sauti. Ni cha kulinganisha redio na amplifaya. Chomoa spika, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, cheza toni ya 1,000 Hz iliyorekodiwa kwa desibeli 0 na upandishe geini hadi multimita kwenye volti za AC isome 17.3. Hiyo ni mzizi wa 75 mara 4. Kwa sabufa tumia toni ya 50 Hz na usimame kwenye 28.3, mzizi wa 200 mara 4. Baadaye, ukisikia kasoro, punguza masafa yanayokera kuliko kuongeza yanayokosekana; desibeli 6 za nyongeza zinadai nguvu mara nne, na huna.

Redio ikiwa na uwezo wa kuchelewesha spika, tumia futi ya kupimia. Spika ya karibu ikiwa sentimita 90 kutoka sikioni na ya mbali 135, tofauti ya 45 ni milisekunde 1.3. Ichelewesh­e ya karibu kwa kiasi hicho na mwimbaji atahama kutoka mlangoni mwako hadi katikati ya dashibodi.

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka kwa mizunguko ya injini, chomoa RCA kwenye amplifaya. Ukinyamaza, kosa liko kati ya redio na nyaya hizo, mara nyingi ati ya redio. Ukiendelea, rudi kwenye ati ya amplifaya.

Kisha cheza muziki kwa sauti unayoipenda nusu saa na uguse kibebeo cha fyuzi. Vuguvugu ni sawa, moto ni boliti iliyolegea. Gari likishalala dakika 30 limefungwa, pima mkondo unaotoka betri: usizidi ampea 0.05. Ukizidi, angalia kwanza kama waya wa buluu umeunganishwa kwenye umeme wa kudumu na amplifaya hailali. Baada ya wiki mbili kaza upya boliti zote za ati, kwa sababu shaba hulegea inapozoea klemu.